Kidonda kimepona, maumivu yamebaki: neva na upasuaji wa ngiri Bukavu

Bukavu imejengwa juu ya vilima vinavyoteremka ghafla hadi ziwa Kivu, na karibu kila kitu kinachouzwa katika soko la Nyawera kimepita mgongoni mwa mtu kabla ya kufika kwa mchuuzi. Unga wa muhogo, makaa, simenti, ndizi zilizoshushwa mashuani kutoka Idjwi, vyote hupandishwa kwa nguvu za mwili. Wanaume hubeba begani. Akina mama hufunga mzigo kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, wakapanda nao wameinama. Kwa watu wanaoishi hivi, ngiri ya kinena, au erni kama wanavyosema wengi mjini, inagusa riziki moja kwa moja. Mtu huvumilia uvimbe miaka mingi, hukusanya fedha, jamaa huchanga, hatimaye anapasuliwa. Uvimbe unatoweka, nyuzi zinatolewa. Halafu kwa baadhi yao yanabaki maumivu ambayo hayakuwapo kabla: moto unaoshuka kutoka juu ya kinena hadi korodani au ndani ya paja, unaochoma hata suruali ikigusa tu.

Nayachambua maumivu hayo kwa sababu yanaeleweka vizuri kuliko wagonjwa wengi wanavyoambiwa, na kwa sababu sehemu kubwa ya uchunguzi na tiba yake imo ndani ya uwezo wa hospitali za Bukavu kama zilivyo leo. Vifaa vinapungua, ndiyo. Lakini vinavyopungua zaidi ni vitu viwili visivyonunuliwa: mpasuaji kuzitafuta neva kwa macho kabla ya kushona, na mtu wa kumwuliza mgonjwa hali yake ifikapo mwezi wa tatu.

Miezi mitatu ndiyo mpaka unaokubalika. Maumivu ya wiki za kwanza ni ya kawaida, maana ngozi, misuli na utando vimekatwa. Yakivuka miezi mitatu na bado yanamzuia mtu kufanya shughuli zake, yanahesabiwa kuwa maumivu sugu ya baada ya upasuaji. Miongozo ya kimataifa ya ngiri ya kinena iliyochapishwa mwaka 2018 na kundi la HerniaSurge inakadiria kwamba asilimia 10 hadi 12 ya waliopasuliwa hubaki na maumivu yenye uzito. Wanaoumia kiasi cha kushindwa kazi au maisha ya kila siku ni kati ya asilimia 0.5 na 6. Kwa upasuaji adimu, idadi hiyo ingekuwa ndogo. Ila ngiri ya kinena ni miongoni mwa magonjwa yanayopasuliwa zaidi duniani, na kwa hiyo hata asilimia ndogo ni umati wa watu.

Historia ya upasuaji huu naipitia kwa haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1880 Edoardo Bassini wa Padua, Italia, alieleza namna ya kujenga upya ukuta wa nyuma wa njia ya kinena kwa kushona misuli kwenye ligamenti iliyo chini yake. Toronto, hospitali ya Edward Shouldice, iliyofunguliwa 1945, ikaboresha kazi hiyo kwa kushona tabaka juu ya tabaka. Katika miaka ya 1980 Irving Lichtenstein wa Los Angeles akaeneza njia ya kuweka wavu wa plastiki bila kuvuta misuli. Baadaye zikaja njia za matundu madogo na kamera. Kivu Kusini, mkoa wa Bukavu, ina kanda za afya 34, na katika hospitali nyingi za rejea za kanda hizo anayepasua ngiri ni daktari wa kawaida, yule yule anayeamshwa usiku kufanya sezarieni, naye hushona kwa njia ya Bassini au moja ya zilizotokana nayo. Wavu hupatikana pale tu mradi au mgonjwa mwenyewe anapoulipia.

Iwe njia gani kati ya zile za kufungua kinena, kisu hupita katika eneo la neva tatu, na humo ndimo shida yetu inamoanzia. Ya kwanza ni ilioinguinali. Mpasuaji akishapasua utando mgumu wa misuli ya nje, neva hii huwa imelala juu ya kamba ya mbegu, nyeupe, nyembamba, mara nyingi ikionekana wazi kwa anayetazama. Inabeba hisia za sehemu ya juu ya ndani ya paja, mwanzo wa mfuko wa korodani kwa mwanamume, na mashavu ya uke kwa mwanamke. Ya pili ni iliohipogastriki, ambayo hupita juu kidogo ya hiyo ya kwanza, ikiwa imelalia misuli ya ndani, na inahudumia ngozi ya juu ya mfupa wa kinena. Sehemu yake moja imejificha ndani ya misuli, na sindano inayochukua misuli hiyo kwa upofu inaweza kuifunga bila yeyote kujua. Ya tatu ni tawi la uzazi la neva ya jenitofemorali. Hii ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa kuwa iko nyuma ya kamba ya mbegu, ikisafiri pamoja na mishipa midogo ya damu inayoonekana kama mstari wa buluu. Mpasuaji anayeinua kamba pamoja na mstari ule wa buluu anakuwa ameinua na neva. Anayeuacha nyuma na kuukwaruza au kuushona ukutani anamwachia mgonjwa maumivu ya korodani.

Neva inaweza kuumia kwa namna kadhaa. Inaweza kukatwa bila kuonekana, na ncha iliyokatwa ikaota kijivimbe cha nyuzi za neva zisizo na mwelekeo, kiitwacho nyuroma, kinachorusha ishara za maumivu kikiguswa. Inaweza kufungwa na uzi, ikabanwa kila mtu anaponyoosha mguu. Inaweza kuvutwa, au kuchomwa na kifaa cha umeme cha kuzuia damu. Au inaweza kubaki nzima siku ya upasuaji, kisha ikanaswa polepole na kovu, au na wavu uliojikunja na kuwa donge gumu. Parviz Amid, aliyefanya kazi kwenye taasisi ya Lichtenstein kule Los Angeles, ndiye aliyelielezea donge hilo la wavu katika maandiko ya kitabibu mwaka 2004.

Neva ikiumia kwa muda mrefu, tatizo halibaki kinenani peke yake. Ishara zisizokoma huufanya ugwe wa mgongo, ile kamba ya neva inayopita ndani ya uti, kuongeza sauti ya kila kinachotoka eneo lile. Hapo ndipo mguso wa shuka unapokuwa kama moto, na eneo linaloumia linapovuka mipaka ya kovu. Kwa hiyo mgonjwa anayesema anaumia pakubwa kuliko mahali alipopasuliwa hajatia chumvi. Anaeleza kwa usahihi kinachotokea katika mfumo wake wa neva.

Watu walio karibu naye hawalioni hilo. Kovu ni zuri, uvimbe haupo, basi wanasema ni woga, au uvivu wa kurudi kazini. Wengine hunong'ona karuho, ile sumu ya polepole inayoogopwa sana Bukavu, na fedha zilizobaki zinaenda kwa mtibabu wa kienyeji. Hata hospitalini jibu la kwanza huwa moja kati ya mawili: ngiri imerudi, au hakuna kitu. Jibu la kwanza ni hatari kuliko linavyosikika, kwani humrudisha mgonjwa mezani kupasuliwa tena mahali pale pale, kupitia kovu lile lile, pasipo mtu kujiuliza kuhusu neva. Kupasuliwa ngiri iliyorudi ni mojawapo ya mambo yanayoongeza uwezekano wa maumivu sugu. Mengine yanayojulikana ni umri mdogo, kuwa mwanamke, kuwa na maumivu makali kabla ya upasuaji, na kuumia sana katika siku za mwanzo baada yake.

Namna ya kuyatambua maumivu ya neva haihitaji mashine. Wafaransa walichapisha mwaka 2005 fomu iitwayo DN4, na kwa kuwa iliandikwa kwa Kifaransa, daktari wa Kongo anaitumia bila kungoja tafsiri. Ina vipengele kumi. Saba ni maswali: je, panachoma kama moto? Pana ubaridi unaouma? Panapiga kama umeme? Pananyonganyonga, panachoma kama sindano, pana ganzi, panawasha? Vitatu vinavyobaki ni vya mikono ya daktari: hisia ya mguso imepungua, hisia ya kuchomwa imepungua, na kupapaswa kwa brashi kunaleta au kuzidisha maumivu. Alama 4 au zaidi kati ya 10 zinaelekeza kwenye neva. Kazi nzima inamalizika ndani ya dakika chache.

Baada ya hapo chukua kalamu na kipande cha pamba. Mgonjwa alale chali, na pamba itembezwe kutoka ngozi yenye hisia nzuri kuelekea kovu. Panapobadilika hisia, weka nukta. Nukta zikiunganishwa hutoka ramani juu ya ngozi, na ramani hiyo mara nyingi hutaja neva: juu ya mfupa wa kinena, fikiria iliohipogastriki; ndani ya paja na mwanzo wa mfuko wa korodani, ilioinguinali au tawi la uzazi. Maeneo ya neva hizi hupishana, kwa hiyo ramani haisemi kwa uhakika wa mahakama, lakini inasema zaidi ya neno "panauma" lililoandikwa kwenye fishi. Gonga kwa kidole kando ya kovu: ukigonga mahali pamoja na umeme ukaruka hadi pajani, neva iliyonaswa iko karibu. Angalia pia mkao. Wengi wenye neva iliyobanwa huumia zaidi wakinyoosha nyonga na kutembea, na hupata nafuu wakilala wamekunja mguu.

Hatua ya tatu ndiyo naiona kuwa muhimu kuliko zote kwa mji kama Bukavu, nayo ni sindano ya ganzi. Kwa upana wa vidole viwili kutoka ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga kuelekea kitovuni, lidokaini huingizwa kati ya tabaka za misuli zinamopita ilioinguinali na iliohipogastriki. Ekografi ikiwepo kazi inakuwa salama zaidi. Isipokuwepo, mkono wenye uzoefu unatosha kwa neva hizo mbili. Maumivu yakitoweka kwa saa moja au mbili, mmepata jibu ambalo picha ghali isingeweza kulitoa: chanzo ni neva hizo, na mgonjwa mwenyewe ameshuhudia. Yasipotoweka, tawi la uzazi linabaki kuwa mshukiwa, au maumivu si ya neva. Mgonjwa aambiwe mapema kwamba dawa ikitiririka chini inaweza kuulegeza mguu kwa muda. Asiruhusiwe kuteremka ngazi za hospitali peke yake mpaka nguvu zirudi.

Nasisitiza uwezekano huo wa maumivu yasiyo ya neva, kwa sababu si kila maumivu ya kinena baada ya upasuaji ni ya neva. Uzi ulioingizwa kwenye utando wa mfupa wa kinena huleta maumivu ya mfupa, yanayouma ukibonyeza nukta moja tu, na DN4 yake huwa chini. Korodani iliyokosa damu ya kutosha huvimba na kuuma siku za kwanza, baadaye husinyaa. Wavu ulioambukizwa hutoa usaha. Nyonga iliyolika, mawe ya figo, kifua kikuu cha uti wa mgongo, vyote vinaweza kusukuma maumivu kinenani kwa mtu ambaye alishapasuliwa ngiri zamani. Ngiri nayo hurudi kweli. Uvimbe ukijitokeza tena, ukawa mgumu, haurudi ndani ukisukumwa, na tumbo likajaa pamoja na kutapika, hiyo ni dharura ya siku ile ile: utumbo unaweza kuwa umebanwa.

Sasa dawa. Maduka ya dawa ni mengi Nyawera, na anayeumia hupita dukani kabla ya kupita kwa daktari. Kinachouzwa kwa urahisi ni parasetamoli, ibuprofeni na diklofenaki. Dawa hizi husaidia maumivu ya kidonda na uvimbe. Kwa neva iliyoumia hazifanyi mengi, na diklofenaki ikimezwa au kuchomwa miezi mfululizo inaweza kutoboa tumbo na kudhoofisha figo, hasa za wazee. Tramadoli hupunguza maumivu kwa baadhi, lakini hujenga utegemezi, na ikichanganywa na dawa nyingine za neva inaweza kuleta degedege. Kuinunua bila cheti na kuitumia kila siku ni kuongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

Dawa yenye rekodi bora zaidi kwa maumivu ya neva ni ya zamani na ya bei nafuu: amitriptilini. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet Neurology, ukikusanya tafiti nyingi za maumivu ya neva ya kila aina, ulikuta kwamba kwa dawa za jamii yake inabidi kuwatibu watu wapatao 3.6 ili mmoja apate nafuu ya nusu ya maumivu au zaidi. Kwa pregabalini, iliyo ghali zaidi, ni watu 7.7. Takwimu hizo zinasema mambo mawili kwa pamoja: amitriptilini si dawa ya maskini iliyopitwa na wakati, na hakuna dawa inayomfaa kila mtu. Mgonjwa anayeahidiwa kupona kabisa atakata tamaa wiki ya pili. Anayeambiwa kwamba lengo ni kupunguza maumivu hadi alale usiku na afanye kazi, na kwamba dawa huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu, ataivumilia.

Huanzwa kidogo, miligramu 10 au 25 jioni, ikaongezwa taratibu. Hukausha mdomo na kuleta usingizi, na usingizi huo mara nyingi ni zawadi kwa mtu aliyekesha kwa maumivu. Ila wengi wanaopasuliwa ngiri ni wanaume wenye umri mkubwa, na wanaume hao hao ndio wenye tezi dume iliyokua. Amitriptilini inaweza kuwazuia kukojoa kabisa. Daktari aulize kwanza kuhusu mkojo, kuhusu moyo, na kuhusu shinikizo la jicho. Kisha alieleze jambo moja waziwazi: dawa hii hutumika pia kwa mfadhaiko. Bukavu kila mtu anaijua SOSAME kuwa ni hospitali ya magonjwa ya akili, na mgonjwa atakayesoma kwenye karatasi ya dawa neno "mfadhaiko" bila kuelezwa atadhani amehesabiwa kuwa kichaa. Ataitupa. Gabapentini na pregabalini ni mbadala kwa asiyeivumilia amitriptilini, wakati uwezo wa kununua upo.

Sindano ya ganzi, ile iliyotumika kutafuta chanzo, inaweza kurudiwa kama tiba. Kwa wengine nafuu hudumu kuliko dawa yenyewe inavyodumu mwilini. Kuchanganya na steroidi ni desturi ya wengi, ingawa ushahidi wake si imara. Pamoja na hayo, kinesiterapia. Mtu anayeumia hujikunja, hukwepa kuutumia mguu, misuli ya tumbo na nyonga inadhoofika, na kila hatua inayofuata inakuwa ngumu zaidi. Wataalamu wa kazi hiyo wapo mjini, mahospitalini na katika vituo vya ukarabati kama Heri Kwetu. Tatizo ni kwamba mgonjwa wa ngiri mara chache huandikiwa kwenda kwao.

Upasuaji wa kutibu maumivu ni wa wachache, na una wakati wake. Makubaliano ya wataalamu wa kimataifa ya mwaka 2015 yalishauri kungoja na kutuliza maumivu miezi mitatu ya kwanza, kisha kujaribu dawa na sindano kwa miezi mingine, na kufikiria kisu baada ya mwezi wa sita pale yote yaliposhindikana. Amid ndiye aliyeeneza njia ya kukata neva zote tatu kwa kikao kimoja na, pale inapobidi, kuondoa donge la wavu. Sababu ya kukata tatu badala ya moja ni ile ile ya ramani zinazopishana, pamoja na kwamba kurudi mara nyingine kwenye kovu kuna hatari zaidi. Neva inaweza pia kufikiwa kutokea nyuma ya tumbo, kwa kamera, mbali na kovu la zamani. Wengi hupata nafuu kubwa, wengine hapana, na wote hubaki na ganzi ya kudumu sehemu zile. Mwanamke aambiwe kwamba ganzi hiyo inaweza kufika kwenye mashavu ya uke. Uamuzi ni wake, akiwa amelielewa hilo.

Je, kazi hiyo inawezekana Bukavu? Ujuzi wa kamera si mgeni hapa. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa 1999 na Denis Mukwege chini ya kanisa la CEPAC, iliuleta upasuaji wa aina hiyo kwa ushirikiano na profesa Guy-Bernard Cadière wa Brussels, kwa ajili ya wanawake walioumizwa vibaya viungo vya uzazi. Hospitali kuu ya rejea ya mkoa inafundisha madaktari wa Chuo Kikuu cha Katoliki cha Bukavu. Nionavyo mimi, haifai kila hospitali ijaribu kukata neva hizi. Inafaa timu moja mjini ijifunze vizuri, wengine wote wawe na mahali pa kumpeleka mgonjwa wao.

Nimewataja wanawake wa Panzi kwa sababu nyingine pia. Neva za ilioinguinali na iliohipogastriki hupita karibu na ncha mbili za mkato wa sezarieni, ule wa chini unaolala kama tabasamu. Uzi ukizifunga pale, mama hubaki na moto ule ule wa kinenani, naye huambiwa kwamba ni "mji wa mimba haujarudi" au kwamba ni kawaida ya waliopasuliwa. Sezarieni hufanyika kila siku mkoani. Anayejifunza kutambua neva iliyonaswa kwa mbeba mizigo wa Nyawera ataitambua pia kwa mama wa Kadutu ambaye mtoto wake ameshaanza kutembea na yeye bado hawezi kufunga kitenge kwa nguvu. Wanawake wenyewe hupata ngiri za kinena na za paja, na kwao uwezekano wa maumivu sugu ni mkubwa kuliko kwa wanaume. Desturi ya kuiona ngiri kuwa ugonjwa wa wanaume inawafanya wachelewe mara mbili: kwanza kupasuliwa, kisha kusikilizwa.

Tiba bora kuliko zote hizi hufanyika siku ya upasuaji wa kwanza. Utafiti wa hospitali kadhaa za Italia uliochapishwa 2006, uliofuatilia karibu wagonjwa elfu moja, ulionyesha kwamba kutozitambua neva kunaendana na maumivu sugu. Miongozo ya 2018 inataka neva tatu zitafutwe na zitambuliwe. Isiwe desturi kukata ilioinguinali kwa kila mgonjwa kama kinga, ila neva iliyojeruhiwa tayari, au inayozuia kazi, ikatwe vizuri badala ya kuachwa imechanika. Kuziangalia kunaongeza dakika chache. Halafu kuna ganzi ya mahali: lidokaini kinenani, iwe mgonjwa amechomwa sindano ya mgongo au la, hupunguza maumivu ya saa za kwanza, na maumivu makali ya siku za mwanzo ni dalili ya yale yatakayobaki.

Kuhusu wavu, nimesikia hofu kubwa, kwamba plastiki ndiyo inayoleta maumivu. Ushahidi uliopo hauonyeshi kwamba wavu huongeza maumivu sugu ukilinganishwa na kushona kwa kuvuta misuli, na kwa kuzuia ngiri kurudi wavu ni bora. Gharama nayo imeshapata jibu karibu nasi. Mashariki mwa Uganda, wanaume 302 waliwekewa ama wavu wa kibiashara ama wavu wa bei nafuu wa aina ya chandarua, ulioandaliwa na kutakaswa ipasavyo; matokeo yaliyochapishwa Januari 2016 katika New England Journal of Medicine yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja aina hizo mbili hazikutofautiana kwa maana. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, wapasuaji walilinganisha njia ya Lichtenstein na ile ya Mohan Desarda wa India, ambayo haitumii wavu wowote bali ukanda wa utando wa mgonjwa mwenyewe. Ripoti yao ya 2012 haikuona tofauti kubwa katika muda mfupi waliowafuatilia wagonjwa. Maana yake ni kwamba daktari wa Walungu au Kalehe ana njia zaidi ya moja zinazokubalika. Hakuna hata moja kati yake inayomwondolea wajibu wa kuzitazama neva.

Pengo la mwisho ni ufuatiliaji. Mgonjwa hutolewa nyuzi, huambiwa asibebe mzigo mzito kwa muda, na mlango unafungwa. Hakuna anayemtarajia mwezi wa tatu. Anayetoka Idjwi au Shabunda hawezi kulipa safari ya pili ili kusema tu kwamba anaumia. Tangu mji uingie mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025 na benki kufungwa, hata mkazi wa Ibanda hupima mara mbili kabla ya kutoa fedha kwa ajili ya kumwona daktari. Lakini simu ipo. Muuguzi mmoja mwenye orodha ya waliopasuliwa na maswali saba ya DN4 anaweza kuwapigia wote wa mwezi mzima katika asubuhi moja, na kuwaita wale tu walio na alama za kutia shaka. Muuguzi wa kituo cha afya kijijini anaweza kufundishwa pamba na kalamu kwa siku moja. Hospitali iandike pia kwenye karatasi ya kutoka ni njia gani ilitumika, kama wavu uliwekwa, na neva zipi zilionekana, zikaachwa au zikakatwa. Bila sentensi hizo mbili tatu, atakayempokea mgonjwa baada ya mwaka ataanza gizani.

Nawe uliyepasuliwa ngiri, au uliyejifungua kwa kisu, ukaona miezi mitatu imepita na bado panachoma, panapiga kama umeme au pamekufa ganzi huku pakiuma: usikubali kuambiwa kwamba hakuna kitu, na usikubali kupasuliwa tena kabla hujachunguzwa neva. Rudi ulikopasuliwa. Mweleze munganga maumivu kwa maneno hayo hayo, mwonyeshe kwa kidole yanapoanzia na yanapoishia, umtajie kila dawa uliyonunua dukani, uombe nakala ya ripoti ya upasuaji wako, na umwulize kama sindano ya ganzi inaweza kufanywa ili kujua ni neva gani.